Ufa Niliouita Mdogo

Solange wangu,

Sasa hivi uko mjini Kamembe, umekalia kigoda, wasichana wawili wanakuvuta nywele kila mmoja upande wake, na najua utarudi na kichwa kinachouma huku ukisema hakiumi. Mimi nimebaki na nyumba, na begi lako lililojaa kupita kiasi, na kalamu hii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni Bukavu. Kinyarwanda changu cha kuongea kinapita, lakini nikikiandika unanicheka, na leo sitaki kuchekwa. Ukifika mwisho wa barua utaona hilo la kukataa kuchekwa nimelisema vibaya, ila acha likae.

Mambo ya kula, ya baridi, ya kusali, ya wanaume na ya kupiga simu nimekwisha kukuambia, na mengine umeyakariri mpaka unaniigiza sauti jikoni ukidhani sisikii. Sitayarudia. Koti nililokununulia Bukavu lina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, muuzaji aliapa kwamba ndivyo Wazungu wanavyovaa. Basi.

Kwanza nitue mzigo mmoja mwepesi. Ile siku uliyoitafuta pasipoti mpaka ukamwaga nguo zote kitandani, halafu mimi nikaja "kuiona" nyuma ya gunia la maharage na kusema panya wameiburuta, panya hawana safari. Niliiweka mimi. Nilikaa nayo kutwa nikiwaza kwamba ikipotea hutakwenda, na usipokwenda utaolewa kule Nyakabuye, upande wa tambarare, utafuga mbuzi, utazaa, na hutakuwa na mlima wowote juu ya kichwa chako. Jioni nikakukuta umekaa kizingitini, uji umepoa mkononi, hulii tena. Nikaitoa. Nisamehe, lakini usinisamehe yote, kwa sababu hata jana nilifikiria kuirudisha kule kule.

Watu wananiuliza mwanangu anakwenda kusomea nini Ulaya. Nawaambia: theluji. Wananingoja nimalize, na mimi nimekwisha kumaliza. Jirani yetu Maman Devota aliniuliza, "Neige? Ile ya mu frigo?" Nikamwambia ni hiyo hiyo, ila iko mlimani, na inaua watu. Akaniangalia kwa huruma. Yeye anajua kwamba mimi mlima ulikwisha kunipitia nyumbani, na sasa mtoto niliyebaki naye anaufuata mlima mwingine kwa miguu yake.

Unakumbuka siku ile barua yako ya kukubaliwa ilipokuja, ukataka nielewe utakachosoma? Ulichukua sinia langu, ukamwaga sukari, sukari yangu, ukaitandaza. Juu yake ukatia unga wa muhogo na kuushindilia polepole kwa kiganja mpaka ukashikana.

"Maman, angalia muzuri," ulisema. "Sukari njo neige ya zamani. Baridi imeikausha, punje hazikamatane tena. Unga njo neige mupya. Upepo njo inaileta na kuishindilia, inakuwa sawa kifuniko. Ukiangalia kwa juu unaona iko nyeupe, iko muzuri, haina shida. Shida iko chini, kwenye macho haifike."

"Na sukari yangu itarudia mu kopo?"

"Maman, ngoja kwanza."

Ukainua sinia upande mmoja. Hakuna kilichotokea. Ukainua zaidi, hakuna kilichotokea, mimi nikaanza kukutania kwamba Wazungu wamekudanganya. Ndipo ukagusa unga kwa ncha ya kidole, pale katikati tu, na ufa ukakimbia juu ya kidole chako kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na unga wote ukashuka kwa pamoja, kipande kizima, ukamwagika mkekani.

"Muntu mumoja tu," ulisema. "Uzito ya muntu mumoja inatosha. Na mara mingi benzake bamekwisha kupita mbele, neige ikanyamaza. Anakuya wa mwisho, inaenda naye."

Nikatoka nikaenda jikoni. Ulidhani nimekasirikia sukari, ukanifuata na kopo ukichekacheka. Solange, haikuwa sukari. Ufa ule ulivyopinda juu ya kidole chako, nilikuwa nimekwisha kuuona.

Jioni ile ukaniambia jambo jingine ukiwa unafagia unga. Nilikuuliza kama hao wanaofunikwa na theluji huwa hawana macho. Ukasema: "Beko naona, Maman. Mara mingi kuko mumoja ule aliona. Aliona ufa, ao alisikia neige inalia chini ya kiatu, vumm, sawa gunia inaanguka mu chumba ya pili. Lakini anaogopa kusema. Kiongozi anajua kumushinda. Benzake bamekwisha kufurahi, bametoka mbali. Akisema turudie, batamucheka. Njo ananyamaza." Hukuniangalia ulipoyasema. Sijui kama ni kwa sababu ulikuwa unafagia.

Habari ya kifo cha baba yako unaijua kama kilima chote kinavyoijua. Mvua ilinyesha sana, udongo ukaporomoka, ile tunayoiita inkangu, ukaifunika nyumba ya bibi yako alfajiri, wakati watu wa kilio chake bado wamo ndani. Baba yako akafa, shangazi yako Vestine akafa, na wengine wa kilima. Wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni, na mimi na wewe tukapona kwa sababu tulilala kwa Maman Devota. Hiyo ndiyo habari. Yote ni kweli. Ila ina tundu katikati, na umekua ukizunguka tundu hilo bila kuuliza, kwa heshima. Sasa unakwenda kusomea vitu hivi. Siku moja mwalimu atachora ufa ubaoni, na wewe utanikumbuka mimi kwa namna ambayo singependa uikumbuke ukiwa peke yako.

Lazima nianzie kwenye tabia yangu. Bukavu tulikokulia walituita Wanyarwanda. Tuliporudi huku ng'ambo ya mpaka na mimi nikaolewa na baba yako, ukoo wake ukaniita Mukongomani. Hawakuwa wabaya, hata kidogo. Walinitania jinsi ninavyopika sombe, jinsi ninavyosalimia, jinsi ninavyoongea kwa mikono. Lakini mtu akitaniwa kila siku hujifunza kuchukua nafasi ndogo. Mimi nilijifunza neno "kidogo". Naomba chumvi kidogo. Naumwa kidogo. Nimekasirika kidogo. Hata uchungu wa kukuzaa ulipoanza nilimwambia baba yako tumbo linauma kidogo, karibu nikuzalie njiani, juu ya pikipiki. Alinicheka mwaka mzima.

Bibi yako, mama yake, alifariki katikati ya mvua za masika. Tulimzika kwenye matope. Baada ya hapo tukakaa kilio nyumbani kwake, moto unawaka, watu wanakaa, hakuna anayemwacha mwenye msiba peke yake. Na unajua mila ilivyokuwa kwa wazee wale: siku za kilio jembe halishikwi. Anayelima wakati ukoo unalia anaonekana amefurahi, au ana haraka ya kurithi. Hakuna aliyebishia hilo, na hata mimi sikuliona baya.

Nyumba ile ilikuwa chini ya mteremko wenye migomba, na juu ya migomba ulipita mtaro, ule tuliouchimba kwenye umuganda, kilima kizima pamoja, ili maji ya mvua yaende pembeni yasishuke kwenye nyumba. Mtaro wa namna ile unataka kuzolewa kila baada ya mvua kubwa. Wiki ile haukuzolewa, kwa sababu jembe lilikuwa limelala.

Nilipanda mimi kukata majani ya migomba ya kufunikia vyungu. Mtaro ulikuwa umejaa tope na majani hadi ukingoni. Maji yalikuwa yanaingia upande mmoja na upande wa pili hayatoki. Nikasimama kuyaangalia. Nikaona migomba imeinama, yote, kuelekea nyumbani, hata ile iliyokuwa haina mkungu wa kuielemea. Na chini ya miguu yangu kulikuwa na ufa. Ulipinda kama mundu kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Nilitia mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko, na ndani kulikuwa na baridi.

Shuleni Bukavu nilikuwa na mwandiko mzuri, basi mwalimu alikuwa ananiita niandike ubaoni methali za wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeiandika ubaoni mara nyingi, kwa chaki, kwa herufi za kupendeza. Pale shambani haikunijia kabisa. Kilichonijia ni hesabu ya watu: nitamwambia nani, na atasema nini. Mimi mke wa mtoto wao, mgeni kutoka Congo, niingie kwenye kilio cha mama mkwe na kusema inukeni, zimeni moto, mwacheni marehemu, leteni majembe. Nilishuka na majani begani huku nayapanga maneno. Nilikuwa nimekwisha kuyapata, nakuapia.

Uani shangazi yako Vestine akaniona. "Angalieni Mukongomani wetu," akasema, "analeta majani sawa tuko ku ndoa." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha watu waliochoka kulia. Na mimi nikacheka. Maneno yangu yakaisha pale.

Nikamvuta baba yako pembeni, karibu na kuni.

"Anastase, kule juu udongo imepasuka kidogo."

Aliniangalia. Alikuwa fundi wa matofali, udongo aliujua. "Kidogo sawa na nini?"

Solange, aliniuliza. Mlango ulikuwa wazi, alinishikia yeye mwenyewe. Ningeweza kumwonyesha kiwiko changu, bado kilikuwa na tope.

"Kidogo tu," nikasema.

Akaangalia mvua, akaangalia watu wake. "Basi tumalize kwanza kilio ya mama. Nitaenda kuangalia."

Wewe ulikuwa unakohoa kwa moshi. Nikasema nikupeleke kwa Maman Devota, ng'ambo ya bonde dogo, ukalale kwenye hewa safi. Moshi ulikuwa wa kweli na kikohozi kilikuwa cha kweli. Baba yako ndiye aliyekuweka mgongoni kwangu, akafunga kitenge kwa fundo lake la fundi ujenzi, ambalo kulifungua ni kazi. "Peleka mutoto, moshi inamuuma," akasema. Tangu siku ile najiuliza kama nilikutoa kwa ajili ya moshi au kwa ajili ya ufa. Nikisema ni moshi, mimi ni mjinga. Nikisema ni ufa, nilijua vya kutosha kumtoa mmoja, na wengine nikawaachia adabu yangu. Nimezeeka bila kupata jibu, na nadhani jibu ni yote mawili.

Kulipokuwa kunaanza kupambazuka nilisikia migomba ikivunjika, mingi kwa wakati mmoja, halafu kitu kizito kinashuka bila haraka, halafu mbwa wote wa kilima. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja ujukuu, yalizaliwa asubuhi ile ile.

Ndipo majembe yakatoka, kila nyumba, mpaka watu wa sekta jirani ya Butare walikuja na yao. Mila iliyokataza jembe kufungua mtaro haikukataza jembe kufukua watu. Walichimba kwa kubahatisha, hapa, hapana, pale, wakiogopa kumkata aliye chini. Uliponionyesha kile kifaa mtakachovaa kifuani, kinacholia ili wenzako wajue uko wapi chini ya theluji, ulidhani nimekishika kwa kustaajabu. Nilikuwa nalia, nikakigeuza geuza nisikuangalie.

Sasa tundu lenyewe. Baba yako hakukutwa ndani ya nyumba. Walimkuta juu, karibu na ulipokuwa mtaro, na jembe lake. Aliamka kabla ya wote akapanda peke yake kwenda kuuzibua, siku ya kilio cha mama yake mwenyewe. Watu walishangaa. Baadaye mshangao ukageuka maneno: kwamba Anastase alishika jembe kabla kilio hakijaisha, na mlima ukamjibu. Kuna wazee waliolisema hilo mbele yangu, kwa upole, kana kwamba wananifariji. Wewe mwenyewe ulirudi na habari hiyo kutoka shule ya msingi, unalia, kwamba baba yako alileta laana. Nikakuambia watoto wana maneno, nikakupa muwa. Ningeweza kukuambia ukweli siku ile ile.

Ukweli ni huu. Alipanda peke yake kwa sababu nilimwambia ni kidogo. Ufa mdogo ni kazi ya mtu mmoja na jembe moja, anaimaliza watu hawajaamka na hakuna anayeudhika. Ningesema ni mkubwa, ningesema mkono wangu umezama mpaka hapa, asingechukua jembe. Angewachukua watu. Namjua. Angewabeba mmoja mmoja huku wanamtukana. Hakuvunja mila kwa dharau, alitaka kuiharibu kidogo tu, kwa siri, kwa ajili yetu. Aliniamini mimi, nami nilikuwa nimempa kipimo cha uongo.

Hayo nimeyaficha miaka yote ya utoto wako. Niliachia jina lake libebe mzigo wangu, kwa kuwa yeye hawezi tena kujibu, na mimi nilitaka kuendelea kuishi na watu kwenye kilima hiki. Naomba msamaha wako hapa, na huu nautaka wote.

Sasa ile habari ya harusi. Najua ulivyoipata: baba yako mdogo alikupigia simu akicheka mpaka akakosa pumzi, kwamba Maman amemharibia Mzee Faransisko sherehe ya binti yake. Ukanipigia na wewe ukicheka, nami nikacheka. Niliyoyasema pale hakukuambia, na mimi sikukueleza. Ilikuwa masika iliyopita, wiki nzima ya mvua. Mzee Faransisko alikuwa amesimamisha mahema uani, chini ya mteremko wake wa mikaratusi, wageni wa upande wa bwana harusi wamefika, wazee wa pande mbili wamekaa wanatupiana maneno matamu ya kuombana msichana. Mimi nilikuwa nyuma naosha sahani. Maji ya kuoshea yalikwisha, nikapanda kidogo kuelekea kwenye mtaro kuchota, na mtaro umejaa tope. Juu yake, kwenye majani, kuna ufa.

Nilikaa chini, Solange. Nikatia mkono, ukazama, nikauacha mle kwa muda.

Kisha nikashuka nikapita katikati ya mahema na aproni yangu ya povu, wazee wananitazama, nikamnyang'anya msemaji wao maikrofoni mkononi. Mwanamke, katikati ya maneno ya wazee. Nikasema, "Naomba radhi. Muinuke mote, muende ku masomo, kule ku shule. Kilima kimepasuka."

Msemaji alikuwa hodari, hakupoteza hata pumzi moja. "Maman huyu ametumwa na familia ingine inataka bibi arusi wetu," akasema bila maikrofoni, na watu wakapasuka kwa kicheko. Kicheko kile kile. Nilikitambua kama unavyomtambua mtu barabarani.

Mzee Faransisko akaja taratibu. "Maman Solange, keti chini. Tutaangalia kesho. Ni ufa kidogo."

"Si kidogo," nikasema, na maikrofoni bado iko mdomoni, basi sauti ikaenda mpaka barabarani. "Ni kubwa. Mukono yangu imeingia mpaka hapa. Bwana yangu Anastase alishika jembe siku ya kilio juu mi nilimudanganya, nilimuambia ni kidogo. Hakuleta laana. Ni miye. Sasa muinuke."

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyeinuka pia, kwa muda ulionitosha kutamani ardhi inimeze. Kisha Maman Devota akasimama, akabeba sufuria ya wali kichwani, akaanza kwenda kwa miguu yake mibovu. Wakamfuata. Sherehe nzima ikahamia kwenye madarasa ya shule katika mvua, ng'ombe wa mahari amegoma njiani, kitambaa cha mezani kimetota, na maharusi wamekalia madawati ya watoto. Wakati tunakamua nguo, mke wa Mzee Faransisko aliniinamia akanong'ona kwamba yeye aliuona ufa ule siku kadhaa kabla, lakini wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Nikakumbuka ufagio wako na unga. Beko naona, Maman.

Na kilima hakikuanguka. Hakikuanguka siku ile, wala wiki ile, wala mpaka leo ninapokuandikia. Vijana walikwenda wakazibua mtaro, wakajaza ufa udongo na kuushindilia, labda ndiyo sababu, labda kingekaa hivyo hivyo, hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba nikipita sokoni watoto wananiita Maman Inkangu, na wanawake ninaouza nao mpakani wakiona wingu wananiuliza kama wakimbie au wamalize kuuza kwanza. Mzee Faransisko ananisalimia kwa mbali. Msemaji wa harusi amenitia kwenye utani wake, anausema kila sherehe. Lakini tangu siku ile sijasikia mtu anasema Anastase alileta laana. Na mimi kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa mgongoni nililala usiku wa mvua, nikaamka kumekucha.

Sijawahi kuona theluji, sina la kukufundisha juu yake. Wewe ndiye utakayenieleza jinsi jua baada ya theluji nyingi linavyoweza kuwa baya, na jinsi mteremko unavyopendeza siku ile ile usiyotakiwa kuukanyaga. Siku ile nilipouona ufa, hata huku migomba ilikuwa ya kijani sana. Ninachokijua mimi ni watu. Utakuwa mgeni kule, pengine mweusi peke yako katika kundi, na viatu vyako vya mbao vile vya kutelezea juu ya theluji vitakuangusha mbele yao wiki ya kwanza. Watakutania, bila ubaya. Na wewe ni mtoto wangu, utaanza kuchukua nafasi ndogo. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko mlima wenyewe. Naogopa siku ambayo utausikia ule mlio chini ya kiatu, na mbele yako kuna watu wazuri waliozaliwa kwenye theluji, wameshapita, nyayo zao zipo, wanakungoja wakitabasamu. Na kiongozi atakuuliza, kwa sababu wapo wanaouliza, baba yako aliuliza. Mwonyeshe kiwiko chako, mwanangu.

Na kitu kimoja zaidi, halafu nifunge, maana nasikia pikipiki na huenda ni wewe. Usiende kumtafuta baba yako kule. Najua kwa nini ulichagua masomo haya, sijawahi kukuuliza kwa sababu jibu linaniuma. Yeye yuko hapa Gashonga, kaburi nimelipalilia leo asubuhi, nikamwambia unasafiri. Kule usome tu.

Siku ile ya kilio, Solange, tulikuwa watu wenye adabu sana. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyeaibika, hakuna aliyechekwa zaidi ya mimi na majani yangu. Tulifuata kila kitu sawasawa, na asubuhi tukawafukua.

Mimi sikutaki mwenye adabu namna ile. Wageuze njia siku yao nzuri, waharibie safari, na mlima usianguke, wakucheke mpaka wakupe jina. Kisha urudi nalo hapa, unikute kizingitini, tuitane mimi na wewe kwa majina yetu ya kuchekwa mpaka uji upoe.

Pasipoti iko juu ya meza. Sijaigusa.

Mimi mama yako,
Maman Inkangu